Maswali na Majibu: Sabufa ya Gari kwa Mwenye Bajeti Ndogo

SWALI: Ndugu Mhariri, gari langu ni dogo na buti lake limeungana na sehemu ya abiria. Redio yake inapiga vizuri sauti za juu, lakini besi haisikiki. Nimeonyeshwa sabufa mbili za inchi 12 zenye bei inayokaribiana: moja imeandikwa wati 1,200 kwa herufi kubwa, nyingine wati 250 tu, na muuzaji anashikilia kwamba hii ya pili ndiyo bora. Fedha nilizonazo zinatosha sabufa moja na amplifaya ya kawaida. Je, nimwamini?

JIBU: Ndugu msomaji, huenda muuzaji wako anasema kweli, na ni jambo la kushukuru, kwa kuwa angeweza kukuuzia ile yenye maandishi makubwa akamaliza kazi. Wati 1,200 zinazoandikwa kwenye boksi la kufungashia kwa kawaida ni wati za kilele, yaani nguvu ambayo spika inadaiwa kuihimili kwa kitambo kifupi mno, na kwa kuwa kilele hicho hakipimwi kwa namna moja na watengenezaji wote, kila mmoja huandika anachotaka. Tafuta maandishi madogo yenye herufi RMS, ambazo huonyesha nguvu ambayo koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika, inaweza kuipokea mfululizo bila kuungua. Usishangae ukikuta kwamba sabufa ya wati 1,200 ina RMS ya wati 200, au haikuandikwa kabisa, na isipoandikwa, mimi nisingeinunua.

Hata hivyo, RMS nayo haikuambii sabufa italia kwa nguvu kiasi gani; inakuambia tu itavumilia kiasi gani. Kinachoamua ukubwa wa sauti ni wati zinazotoka kwenye amplifaya pamoja na wepesi wa spika kuitikia, ambao hupimwa kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa kawaida kwa wati moja na umbali wa mita moja. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu: sabufa ya desibeli 89 ikipewa wati 150 hufikia takriban sauti ileile ya sabufa ya desibeli 86 iliyopewa wati 300. Kwa mwenye fedha chache, hesabu hiyo ni muhimu sana, kwa sababu kila wati ya ziada hulipiwa kwenye amplifaya, kwenye nyaya na kwenye betri. Lakini ujue kwamba boksi dogo la kufungia spika, besi inayoshuka chini sana na wepesi wa kuitikia havipatikani vyote vitatu kwa pamoja, kwa hiyo anayekuahidi vyote muulize ni kipi kilichopunguzwa.

Kuhusu omu, yaani kipimo cha ukinzani wa koili dhidi ya umeme, soma kwanza kitabu cha amplifaya uone kiwango cha chini inachoruhusu. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 zikiungwa sambamba huwa omu 2, na zikiungwa kwa mfululizo huwa omu 8. Zile zenye koili mbili za omu 2 hukupa omu 1 au 4. Ukiipa omu 1 amplifaya iliyotengenezwa kuishia omu 2, itapata joto na kujizima, au itaungua.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza ni boksi, ilhali spika ileile inaweza kusikika kama mali ya thamani ndani ya boksi moja na kama ngoma iliyopasuka ndani ya jingine. Kwa gari lako ningechagua boksi lililofungwa, lisilo na tundu, la mbao za MDF (za unga wa mbao ulioshindiliwa) zenye unene wa milimita 18 hivi, viungo vyake vikiwa vimezibwa kwa gundi hewa isipite. Boksi la namna hiyo huwa dogo, na udhaifu wake wa kupunguza besi za chini kabisa hufidiwa na gari lenyewe, kwani nafasi ndogo iliyofungwa huzikuza sauti hizo. Boksi lenye tundu hupiga kwa nguvu zaidi kwa wati zilezile, lakini ni kubwa, linahitaji hesabu sahihi, na chini ya masafa liliyopangiwa, koni (ule uso wa spika unaotikisika) huyumba bila kizuizi. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kama buti halina nafasi ya lita ambazo mtengenezaji ametaja kwa sabufa ya inchi 12, chukua ya inchi 10 na uipe boksi linaloifaa.

Usimalize fedha zote kwenye sabufa na amplifaya. Amplifaya ya wati 300 yenye ufanisi wa asilimia 80 huvuta takriban ampea 27 injini ikiwa inanguruma, hivyo waya mwembamba haufai, na ule wa alumini uliopakwa shaba juu lazima uwe mnene kuliko wa shaba tupu. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, maana inaulinda waya wote unaoifuata. Waya wa ardhi nao uwe mfupi, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

SWALI: Je, sabufa bapa ya chini ya kiti, yenye amplifaya yake ndani, inafaa?

JIBU: Inafaa kwa anayetaka kujazia besi ya muziki wa kawaida bila kupoteza buti, na humwondolea mnunuzi hesabu za omu na boksi. Haitatikisa vioo, na wati zake za kilele zisome kwa shaka ileile. Anza kwa kukata masafa kwenye hezi 80, ili sabufa ipige sauti za chini ya hapo tu, kisha pandisha kiwango taratibu hadi besi isikike kana kwamba inatoka mbele pamoja na spika nyingine. Ikianza kukwaruza, rudisha nyuma.