Jibu: Kwa nini sinagogi Jumapili?

Mkuu, umeuliza kwa nini jirani yako Myahudi hapo New Jersey anampeleka mtoto sinagogi Jumapili, wakati siku yao ni Jumamosi. Hiyo si ibada, ni chuo cha dini cha watoto. Wanaoshika sana Sabato hawaandiki siku hiyo, kwa hiyo masinagogi mengi ya Marekani husomesha watoto Jumapili asubuhi, na pengine jioni moja katikati ya wiki.

Aliyepita madrasa atatabasamu: herufi 22 za Kiebrania, kulia kwenda kushoto, ya kwanza alefu, ya pili beti! Zamani huko Ulaya zilipakwa asali, mtoto azilambe. Akikaribia miaka 13 (wasichana kwingine 12) anaandaliwa kusoma Torati mbele ya watu, na gombo lenyewe halina alama za irabu. Shughuli pevu.

Wazazi hawaponi. Usiku wa Pasaka ya Kiyahudi mtoto mdogo mezani ndiye huuliza maswali manne ya desturi kuhusu usiku huo, na wakubwa lazima wajibu. Ndiyo maana kuna madarasa ya familia nzima, wengine wakisuka pamoja mkate wa Sabato.

Akikualika chakula Ijumaa jioni, Sabato inapoanza, nenda. Ila usibebe nyama, wana masharti yao ya chakula.