Jibu: mtoto wa miaka 4 hataki blanketi, usiku halali
Pole sana dada wa Uyole, Mbeya. Mtoto kulia blanketi likimgusa na kushtuka mvua ikipiga bati sio kudeka, wapo watoto mguso na sauti vinawaingia kwa nguvu kuliko sisi, na asipolala kesho yake anakereka zaidi, usiku tena halali. Umri wake anahitaji usingizi wa masaa 10 hadi 13 kwa siku, ya mchana yakiwemo. Kata lebo za nguo, shuka la pamba ndani blanketi juu, TV na simu zima saa nzima kabla ya kulala, mkumbatie kwa kumbana kidogo kama anapenda. Baridi ya huku naijua, ila jiko la mkaa chumbani HAPANA, hewa yake inaua hata usipoona moshi. Akikoroma sana au pumzi ikikatika usingizini, mpeleke kwa daktari wa watoto mapema.