Printa ya leza ikikata picha nusu, usikimbilie kuizima

Mwaka wangu wa kwanza steshenari, mteja alileta ramani ya nyumba kwenye flashi. Printa ikatoa nusu ya juu. Ya chini ikaja kwenye karatasi ya pili. Nikazima, nikawasha, nikachapa tena: vilevile. Mteja akaondoka na flashi yake. Ninyi mnaoanza kazi hii, nataka mwelewe kilichokuwa kinatokea mle ndani.

Printa ya leza haiwezi kusimama katikati ya ukurasa. Ya wino huandika mstari, ikangoja, ikaendelea. Kwa leza, karatasi ikishavutwa, dramu (silinda ambayo leza huchora picha juu yake) huzunguka kwa mwendo uleule hadi mwisho, na nukta za kila mstari lazima ziwe tayari leza inapoufikia. Ama zimeshakaa zote kwenye memori, ama zinatengenezwa kwa kasi ya kuwahi karatasi.

Sasa piga hesabu. A4 kwa nukta 600 kwa inchi ina nukta karibu milioni 35, yaani zaidi ya megabaiti 4 kwa nyeusi peke yake. Kwa nukta 300 ni robo yake. Printa ya rangi ina tona (wino wa unga) nne, kwa hiyo zidisha mara nne. LaserJet ya kwanza ya HP, mwaka 1984, ilikuwa na kilobaiti 128 tu, na bado ilichapa barua safi kwa nukta 300, kwa sababu maumbo ya herufi ilikuwa nayo yenyewe. Kompyuta ilituma tu ni herufi gani na ikae wapi. Picha ya kujaza ukurasa ilibidi ishushwe hadi nukta 75.

Njia waliyoipata mafundi, na mimi huiona nzuri sana, ni kutouchora ukurasa wote kwa mara moja. Printa huandika orodha ya vitu vilivyomo, huugawa ukurasa vipande vya mlalo, kisha leza inaposoma kipande kimoja, printa inachora kinachofuata, na nafasi iliyoachwa hutumika tena. Pia hubana data: eneo jeupe huandikwa kwa idadi tu. Picha ya mtu, yenye vivuli vya nukta nukta, haibaniki kirahisi hivyo.

Kwa hiyo kuna makosa mawili, na wengi huyachanganya. Kwenye LaserJet nyingi za zamani, kosa namba 20 ni memori imejaa. 21 ni ukurasa mgumu, kipande hakikuwahi kuchorwa. Kwa 20, shusha nukta hadi 300, au punguza picha kwanza kwenye kompyuta. Picha kubwa ya simu haina haja ya kutumwa nzima kwa ukubwa wa pasipoti. Kwa 21, hasa ramani yenye maelfu ya mistari, chagua kuchapa PDF kama picha, ili kompyuta ndiyo ichore. Maandishi madogo yatapoteza ukali kidogo, mwambie mteja mapema.

Printa nyingi za bei nafuu huiachia kompyuta kazi yote ya kuchora. Hapo ukurasa ukichelewa, tazama kompyuta kwanza.

Na kabla ya kununua memori, chapa ukurasa wa taarifa za printa uone iliyopo. Ukishaongeza, ingia kwenye mipangilio ya draiva, yaani programu ya kompyuta inayoiendesha printa, ubadilishe kiasi. Baadhi ya draiva za zamani hazijui mpaka ziambiwe, na zitaendelea kuhesabu ileile ya mwanzo.