Nina bima ya kampuni, mbona bado nakatwa SHA?

SWALI: Shikamoo dada. Nalipwa 60,000 kwa mwezi hapa Mombasa na kampuni imetupa bima ya praiveti, mimi na bibi yangu na watoto twatibiwa bila shida. Lakini kila mwezi nakatwa 1,650 ya SHA, hii bima ya afya ya serikali, na sijaitumia hata siku moja, enzi za NHIF, ile ya serikali ya zamani, ilikuwa 1,300. Naweza kutoka nibaki na ya kampuni tu? Na mamangu ana miaka 68, ana sukari, nimuingize kwa ipi?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kutoka huwezi, ni sheria ya 2023, kila mwenye mshahara akatwe asilimia 2.75 na haina mwisho, si kama NHIF iliyokuwa ikifika 1,700 inasimama, na mwajiri hakuongezei hata ndururu.

Lakini hebu mpeleke mama kwa kampuni ya bima leo uone. Miaka 68 na sukari, huyo si mteja wanayemtafuta, wengi hawachukui mtu mpya akishapita sitini na kitu, na akichukuliwa ataambiwa asubiri kwanza ndio sukari yake ianze kulipiwa, na malipo ya mwaka yatakuwa ya kukutoa jasho. SHA haikatai mtu kwa umri wala ugonjwa. Kwa jina lako haingii, hapo ni mke na watoto tu, kwa hivyo asajiliwe kivyake kwa *147#, ajibu maswali ya mapato, cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi ila wanataka ya mwaka mzima kwa mpigo, 3,600, na hapo serikali imekosea sana kwa sababu mama muuza samaki atazitoa wapi zote siku moja? Akishasajiliwa, zahanati na kituo cha afya cha serikali halipi kitu.

Nawe usiitegemee sana hiyo ya kampuni, kazi ikiisha nayo imeisha, halafu ina limiti. Kusafishwa figo SHA hulipa 10,650 kwa kila mara, mara mbili kwa wiki, sasa limiti ya nusu milioni kwa hesabu hiyo haimalizi miezi sita.

Shida ya SHA ni kuchelewa kulipa hospitali, 2025 nyingi za praiveti zilikataa wagonjwa wake kwa ajili ya madeni, na hilo lazima tulipigie kelele maana pesa zetu wanazikata bila kuchelewa. Kwa hivyo kabla hujampeleka mama popote piga simu uulize kama wanapokea SHA wiki hiyo, na msajili sasa, usingoje alazwe.