Nikaha ya imamu nchini Uturuki: je, itanifanya mke kisheria?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni Mtanzania, mkaazi wa Tanga, nimechumbiwa na kijana wa Kituruki kutoka Konya. Wazazi wake wanataka nikifika tufungishwe nikaha nyumbani na imamu, harusi ifuate, na ndoa ya serikali ije baadaye karatasi zikikamilika. Mama yake ameniambia pia kuwa nitatuzwa dhahabu ukumbini. Je, nikaha hiyo inatosha kisheria? Na dhahabu itakuwa ya nani?

JIBU: Marhaba, binti yangu, na hongera kwa uchumba. Nakujibu moja kwa moja: nikaha ya imamu peke yake haikufanyi mke mbele ya sheria ya Uturuki, hata ikihudhuriwa na ukoo mzima.

Naelewa kwa nini jambo hili linakutatiza. Kwetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu shehe mwenye leseni kufungisha ndoa na kuiandikisha, kwa hiyo umekua ukiona nikaha na cheti vikienda pamoja. Uturuki ilitenganisha mambo hayo tangu ilipopata Sheria ya Kiraia mwaka 1926, na sheria inayotumika sasa, Namba 4721, iliyoanza tarehe 1 Januari 2002, inaeleza katika kifungu cha 143 kwamba ibada ya ndoa ya kidini haifanywi kabla ya kuonyeshwa kijitabu cha familia, yaani aile cüzdanı, ambacho wanandoa hukabidhiwa baada ya ndoa ya serikali. Familia nyingi hutanguliza imamu bila nia mbaya yoyote, lakini kipindi cha kusubiri kikirefuka, anayeumia ni mke. Mumeo akifariki katika kipindi hicho, hutakuwa na haki ya kumrithi, ilhali mke aliyeandikishwa hupata robo ya mirathi pakiwa na watoto. Hutaweza kuomba kibali cha ukaazi cha familia, wala hutakuwa na dai la mke juu ya mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Mtoto atakayezaliwa atahesabiwa wako kwa kuzaliwa, lakini baba atalazimika kumtambua rasmi au mahakama iamue.

Njia ninayokushauri haiwavunjii heshima wakwe. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 ofisi za mufti, yaani ofisi za serikali za mambo ya dini katika mikoa na wilaya za huko, zimepewa mamlaka ya kufungisha ndoa ya serikali, sawa na maofisa wa manispaa. Mwambie mchumba wako awapeleke huko: ndoa iandikishwe na mufti, mkabidhiwe kijitabu, kisha imamu asome nikaha siku hiyohiyo kama wazazi wanavyotaka. Kwangu, utaratibu huu ndio unaofaa zaidi kwa familia inayojali dini.

Ili hilo liwezekane, karatasi zako zikamilike kabla hujakata tiketi. Utahitaji cheti cha kuzaliwa na hati ya RITA, wakala wa serikali wa usajili hapa Tanzania, inayothibitisha kwamba huna ndoa nyingine, zote zithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje, kisha na Ubalozi wa Uturuki Dar es Salaam, na zitafsiriwe kwa Kituruki na mtafsiri aliyeapishwa. Kagua majina herufi kwa herufi. Ikiwa pasipoti imeandikwa Mwanahamisi na cheti kimeandikwa Mwanahamis, rekebisha ukiwa bado nyumbani, kwa sababu tofauti ndogo kama hiyo inaweza kukurudisha mwanzo ukiwa Konya. Kama uliwahi kuolewa na kuachika, fahamu kuwa sheria yao inamtaka mwanamke asubiri siku 300 tangu ndoa ya awali ilipokwisha, isipokuwa mahakama iondoe sharti hilo baada ya kuthibitika kwamba hana mimba.

Mchumba wako naye akuletee karatasi yake. Raia wa Uturuki anaweza kutoa kwenye mfumo wa serikali wa e-Devlet nakala ya rejesta ya familia, vukuatlı nüfus kayıt örneği, inayoonyesha ndoa, talaka na watoto. Nakala hiyo ina msimbo unaowezesha kuhakiki uhalali wake. Kuiomba si kumtilia shaka. Uturuki haitambui ndoa ya mke wa pili, na ni bora ujue hali yake ya ndoa kwa maandishi kuliko kwa maneno ya mdomo.

Sasa dhahabu. Ukumbini mtasimama pamoja, na wageni watapita mmoja mmoja wakikuvisha bangili mkononi au kubandika sarafu za dhahabu kwenye utepe uliovaa shingoni. Msimamo wa Mahakama ya Rufaa, Yargıtay, ni kwamba mapambo ya kike kama bangili ni mali ya bibi harusi. Kwa vitu vingine, uamuzi wa mwaka 2024 umeelekeza kuangalia makubaliano ya wahusika, mila ya mahali na nani aliyetuzwa. Ugomvi huanza baadaye, wakwe wanapoichukua dhahabu "kuihifadhi" au mume anapoiuza kulipa madeni ya harusi. Mume anayedai kwamba ulimpa moja kwa moja bila kutarajia kurudishiwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha, lakini wewe kwanza utatakiwa kuonyesha kwamba dhahabu ilikuwepo na ilitoka mikononi mwako. Kwa hiyo hifadhi video na picha za tukio, andika orodha usiku uleule, na uiweke dhahabu benki kwa jina lako. Mahari nayo iandikwe na kusainiwa na mume, hasa ile ya kulipwa baadaye, kwa kuwa ahadi ya mdomo ni vigumu kuidai mahakamani.

Kuhusu ukaazi, kibali cha familia hutolewa kwa muda usiozidi miaka 3 kila mara. Ukiachika, unaweza kupewa kibali cha muda mfupi ikiwa umeishi kwa kibali cha familia angalau miaka 3. Sharti hilo huondolewa mahakama ikithibitisha kwamba ulifanyiwa ukatili nyumbani. Uraia hauji kwa kuolewa tu: unaweza kuuomba baada ya miaka 3 ya ndoa inayoendelea, na kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, usisaini fomu ya maombi hayo kabla ya kuzungumza na Idara ya Uhamiaji hapa nyumbani.