Bonde lisilokuwepo kwenye mafuta ya parachichi

Jirani yangu anakamua parachichi za Rungwe. Nilipokuwa bado nasoma fizikia hapa Mbeya, nilimwomba kichupa cha mafuta yake, yale ya kijani ambayo hayajasafishwa rangi, nikaenda nayo maabara nijue yanafyonza mwanga upi.

Watu wengi hupitisha mwanga kwenye sampuli na kupima uliobaki upande wa pili. Mimi nilitumia mng'ao, yaani mwanga ambao sampuli yenyewe huutoa ikishafyonza mwanga mwingine. Unamulika sampuli kwa rangi moja baada ya nyingine, kuanzia zambarau, huku jicho la mashine umelikaza kwenye rangi moja tu (kwa klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, ni karibu na nanomita 675; nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), kisha unapima wekundu unaorudi. Rangi inayofyonzwa sana huzaa mng'ao mwingi, hivyo mchoro hufuata ufyonzaji. Hata sampuli nyepesi ambayo njia ya kwanza haioni kitu, hii huikamata.

Nikamimina mafuta kama yalivyo. Mchoro ukatoka na bonde kati ya nanomita 410 na 430, palepale klorofili inapofyonza kwa nguvu zaidi! Nikarudia mara tatu, bonde liko palepale. Nilishaanza kuandika kwamba mafuta ya Rungwe ni ya aina yake.

Mzee aliyekuwa fundi wa maabara akazima taa, akachukua tochi ya zambarau ya kukagulia noti, akamulika ubavu wa glasi yenye mafuta.

"Mwanangu, wekundu uko wapi?"

Ulikuwa utando mwembamba upande wa tochi tu. Katikati giza, na jicho la mashine hutazama katikati. Mwanga wote ulikuwa umeliwa mlangoni. Mwanasayansi John Herschel aliliona jambo hilo kwenye maji ya kwinini mwaka 1845: buluu ilikaa juujuu tu, pale mwanga unapoingilia. Mwanafizikia George Stokes akaja kulieleza mwaka 1852.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayeanza, zimua. Tone moja la mafuta kwenye heksani nyingi (kimiminika cha kuyeyushia mafuta), mpaka kipimo cha ufyonzaji kishuke chini ya 0.05, yaani sampuli inakula kama asilimia 11 tu ya mwanga. Halafu zimua tena nusu kwa nusu. Mchoro ukishuka kimo bila kubadili umbo, uko salama. Umbo likibadilika, bado ni nzito, endelea kuzimua hata kama unaona kama unapima heksani tupu.

Nilipozimua, bonde likageuka kilima. Kikajitokeza na kingine kidogo kwenye 467, nikakiita karotini (jamii ya rangi za manjano kama ile ya karoti) kwa furaha. Kumbe ni taa ya zenoni ya mashine, hutoa mwanga mwingi kuliko kawaida hapo, nami sikuwa nimewasha masahihisho ya taa kwenye programu. Nilipoyawasha kikatoweka.

Tena karotini nisingeiona kwa njia hii. Inafyonza vizuri sana lakini haing'ai kwa kiasi cha kutajika, na kinachofyonza bila kuishia kwenye mng'ao unaoupima hakimo kwenye mchoro wako. Ndiyo maana hadi leo napima kwa njia zote mbili na kulaza mchoro mmoja juu ya mwingine. Kwenye mafuta ya jirani, vilima vya klorofili viliangukiana, ila kati ya 440 na 480 mchoro wa ufyonzaji wa njia ya kwanza ulisimama juu zaidi. Sehemu kubwa ya pengo hilo ndiyo karotini yenyewe.