Usiingie na Ndoo: Nilivyolipa Watu Wasafishe Nyumba Aliyofia Mjomba

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji aliniandikia kutoka Texas. Shemeji yake ameuawa ndani ya gereji ya nyumbani kwao. Polisi walikuja, wakapiga picha, wakachukua walivyochukua, wakaondoka. Damu bado iko sakafuni na ukutani. Kina mama wa chama chao wameshapanga kufika Jumamosi na ndoo, Clorox (dawa ya klorini ya kusafishia) na glavu. Akaniuliza: "Nikiwakataza nitaonekana najiona. Wewe ulifanyaje?"

Nilimjibu siku ile ile kwa maneno machache: dada yangu, wazuie. Jibu refu ni hili, na naliandika hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake. Sisi tuliokuja Marekani tunafanana mipango: kazi mbili, watoto wamalize chuo, nyumba isimame kule kwetu. Tunajadili bima ya gari, tunajadili viwanja. Hili la mtu kufia ndani, na nani atasafisha baada ya mwili kuondolewa, hatulizungumzi mpaka litufike.

Kwetu lilifika Julai. Mjomba wangu, ndugu ya mama tumbo moja, aliishi peke yake Sacramento, chumba kimoja ghorofa ya pili. Alikuwa dereva wa usiku, mtu wa kulala mchana na simu imezimwa, kwa hiyo kimya chake hakikumshtua mtu. Moyo ulisimama akiwa kitandani. Anayeijua Sacramento ya Julai anajua joto linavyopanda kupita nyuzi 38, na kiyoyozi chake kilikuwa kimezimwa. Jirani wa chini ndiye aliyepiga simu, kwa sababu ya harufu.

Watu wa ofisi ya kaunti inayochunguza vifo walimchukua mjomba kwa heshima, siwezi kuwalaumu. Lakini wanachukua mwili tu. Kilichobaki kwenye godoro na chini yake si kazi yao, wala si kazi ya polisi. Nilikabidhiwa funguo na karatasi, basi. Kesho yake meneja wa apatimenti akanipigia: nyumba iwe safi kabla ya mwisho wa mwezi, na kuna fomu ya kusaini kwamba familia itagharimia kila kitu. Sikusaini. Shika hili kabla ya mengine yote: ukiwa na msiba usisaini karatasi ya mtu yeyote siku hiyo. Kwa kawaida deni la marehemu hulipwa na mali aliyoacha. Mpwa ambaye jina lake halimo kwenye mkataba wa pango hadaiwi mpaka ajitie mwenyewe kwa kalamu yake.

Kisha likaja kundi la WhatsApp. Mama mdogo mmoja alisema, na wengi wakamuunga mkono: "Sisi maiti wetu tunawaosha kwa mikono yetu, leo tushindwe na sakafu?" Mwingine akasema nusu ya kundi ni manesi na wasaidizi wa wagonjwa, damu tumeizoea. Nilipoandika kwamba nimeamua kukodi kampuni, palikuwa kimya, halafu ukaingia ujumbe wa sauti wa mtu ninayemheshimu sana: kwamba naona kinyaa damu ya mjomba wangu, kwamba fedha za mchango nataka kuwapa Wazungu.

Ujumbe ule ninao mpaka leo. Sijaufuta na sijaujibu. Harusini mwezi uliopita tulisalimiana vizuri, tukaulizana hali, lakini moyoni bado. Mimi ndiye niliyempeleka mjomba hospitali miaka yote ile ya presha. Kuambiwa namwonea kinyaa kuliniuma kuliko msiba wenyewe.

Sasa nieleze kwa nini nilisimama pale niliposimama.

Kuosha maiti ni ibada. Ina watu wake waliofundishwa, ina utaratibu wake, na hata yenyewe ina ruhusa: mwili ukiwa umeharibika kiasi kwamba maji hayafai, maiti hutayamamishwa, yaani hupakwa vumbi safi usoni na mikononi badala ya kuoshwa. Ndivyo alivyofanyiwa mjomba, akaswaliwa, akazikwa, hakupungukiwa na haki yake yoyote. Kukwangua zulia hakumo katika haki za maiti.

Jambo la pili ni sakafu yenyewe. Kwetu Mombasa nyumba ina saruji au vigae. Unamwaga maji na sabuni, unasugua, unavuta kwa fagio mpaka nje, kwisha. Apatimenti za huku juu ni zulia, chini ya zulia kuna sponji, chini ya sponji kuna plaiwudi, na chini ya plaiwudi kuna dari ya mtu mwingine. Majimaji ya mwili yakishuka hayabaki pale unapoyaona. Doa la ukubwa wa sahani juu ya zulia linaweza kuwa limetanda pana sana kwenye sponji. Ukimwaga maji na Clorox juu yake unayasukuma yashuke zaidi. Tena klorini ikikutana na damu nyingi au uchafu wa mwili hupoteza nguvu; kwanza uchafu wote utolewe, ndipo dawa ifanye kazi. Na wapo wanaochanganya Clorox na dawa ya choo au na yenye amonia wakidhani wanaongeza makali. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayoumiza mapafu, na chumba chenyewe mmekifunga madirisha ili majirani wasisikie harufu.

Tatu ni ugonjwa. Si kila damu ina ugonjwa, na sisemi hivi kumvunjia marehemu heshima. Lakini kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi kwenye damu iliyokauka siku 7 na zaidi. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwaka 2001. Hesabu umri wako. Wengi wetu tuliovuka bahari tukiwa watu wazima hatukupata chanjo ile utotoni, na asiyefanya kazi hospitali huenda hajaipata mpaka leo.

Hapo ndipo hoja ya "sisi ni manesi" inaponikera, kwa sababu nami nafanya kazi katika nyumba ya wazee. Kazini tuna chanjo, mifuko myekundu, makopo ya sindano, na mtu akichomwa anaandikiwa ripoti na kuonwa na daktari, maana dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72. Hayo yote hayakuja kwa hisani ya mwajiri. Ni kanuni ya OSHA, shirika la serikali linalosimamia usalama kazini, iliyotolewa mwaka 1991: mwajiri lazima atoe mafunzo, vifaa, na chanjo ya homa ya ini B bila malipo kwa mfanyakazi anayegusa damu. Kampuni ya kusafisha mahali pa mauti inabanwa na kanuni hiyo hiyo. Mama mdogo aliyejitolea Jumamosi na glavu za kuoshea vyombo halindwi na mtu. Akiumwa, ameumwa peke yake.

Kuipata kampuni hakukuwa rahisi hivyo. California ina sheria mahususi tangu miaka ya 1990: anayefanya kazi hii lazima asajiliwe na Idara ya Afya ya Umma ya jimbo, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwenye tovuti yao. Majimbo mengi hayana usajili wa namna hiyo, kwa hiyo mtu mwenye gari na mashine ya zulia anaweza kujiita mtaalamu. Mkiwa katika jimbo la namna hiyo, ulizeni kama wafanyakazi wana mafunzo ya OSHA, kama wanafuata S540, mwongozo wa kazi hii uliotolewa na taasisi ya IICRC mwaka 2017, na taka zao wanazipeleka wapi. Anayejibu swali la taka kwa kubabaika, mkatie simu.

Kampuni ya kwanza niliyoipigia ilikuwa na sauti tamu. Walinipa pole nyingi, wakasema wanaweza kuanza usiku huo huo, nisaini tu kwenye simu. Nikasoma. Hapakuwa na jumla ya fedha mahali popote: malipo kwa saa, kwa kila mfanyakazi, kwa kila mfuko, na kifungu kinachowapa haki ya kudai bima moja kwa moja kwa jina langu. Nikauliza kazi yote itafika kiasi gani. Jibu likawa "inategemea, lakini bima italipa." Nikaagana nao.

Ya pili walisema hawatoi bei bila kuona. Alikuja mama mmoja na kijana wake, wakaingia wamevaa ovaroli na barakoa za chujio, wakainua kona ya zulia, wakapima unyevu, wakapiga picha. Waliniandikia nini kitatolewa, nini kitaoshwa, nini hawana hakika nacho mpaka wafungue sakafu, na bei isiyopita kiasi fulani bila idhini yangu ya maandishi. Ilikuwa dola elfu nne na ushee. Ni fedha nyingi, sitaki kudanganya. Lakini angalau niliziona zimeandikwa.

Kabla hawajaanza, yule mama aliniuliza swali ambalo nalipeleka kwa kila msomaji: "Kuna kitu gani humo ndani ambacho familia lazima ikipate?" Mimi nilikuwa nawaza sakafu tu. Nikampigia mama yangu Mombasa. Akanitajia: pasipoti, hati ya shamba la Kwale, picha ya babu, na tasbihi aliyorudi nayo kutoka Hija. Walipekua karatasi moja moja. Hati waliikuta kwenye bati la biskuti juu ya kabati, safi kabisa. Tasbihi ilikuwa chini ya mto. Wakaniambia kwa upole kwamba uzi umelowa lakini shanga ni za kioo, zinaoshwa. Wakazitoa uzini, wakazitia dawa, wakanipa kwenye mfuko mdogo. Niambieni ni nani kati yetu, na ndoo mkononi na machozi machoni, angekuwa na utulivu wa kufanya hivyo. Kina mama wetu wangefunga vyote kwenye mifuko ya taka, na shamba la Kwale tungelitafuta mahakamani.

Kazi yenyewe niliiona kwa mlangoni tu. Godoro na zulia vilikatwa vipande na kufungwa kwenye mifuko myekundu iende kuteketezwa. Kipande cha plaiwudi kilikatwa kwa msumeno. Sehemu zilizobaki zilioshwa, zikatiwa dawa, zikaachwa zikae na dawa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha zikapimwa kwa kijiti cha kuonyesha mabaki ya uchafu wa mwili. Mashine ya ozoni, ya kuondoa harufu, iliwekwa mwisho, watu wote wakiwa nje, kwa sababu gesi yake haifai kuvutwa. Akija mtu na mashine ya ozoni siku ya kwanza, anauficha uchafu, na harufu itarudi.

Kuhusu malipo, niliomba ankara mbili: ya jengo na ya vitu vya mjomba. Ya jengo nilimpelekea mwenye nyumba kwa barua, nikimwomba aipeleke kwenye bima yake. Alivuta, akalalamika, mwishowe bima ikalipa. Ya vitu, ambayo ilikuwa ndogo, tukailipa kwa mchango. Kwa hiyo zile fedha zilizonifanya nisemwe vile hazikuliwa hata nusu. Hilo hakuna aliyelitangaza kwenye kundi.

Dada wa Texas, kwako kuna njia nyingine ambayo kwetu haikuwepo, kwa sababu mjomba alikufa kwa maradhi na shemeji yako ameuawa. Kila jimbo lina mfuko wa fidia kwa waathirika wa uhalifu. California ndiyo iliyotangulia, mwaka 1965, na tangu sheria ya mwaka 1984 serikali ya shirikisho inayaongezea majimbo fedha zinazotokana zaidi na faini za wahalifu. Kwenu mfuko uko chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Hulipia pamoja na mengine usafishaji wa mahali pa tukio, kwa kiwango walichoweka, baada ya bima kulipa sehemu yake. Kwa hiyo anza na bima ya nyumba, halafu mfuko. California hawamnyimi mtu kwa kukosa makaratasi ya uhamiaji. Ulizeni kwenu kabla ya kujikatia tamaa. Mtahitaji namba ya ripoti ya polisi, ankara na risiti zenye jina la kampuni. Kina mama wakisafisha bure hamna risiti, na wakisafisha kabla polisi hawajaachia rasmi eneo, mnaweza kuwa mmeosha ushahidi wa kesi ya ndugu yenu.

Na nyinyi viongozi wa vyama, semeni na watu wenu. Katiba zetu zina kifungu cha kusafirisha mwili, kifungu cha chakula cha msiba, mpaka kifungu cha sare. Wekeni na hiki: mtu akifa nyumbani kwa namna inayoacha damu, hakuna mwanachama anayeingia kusafisha, chama kinatafuta kampuni na kusimama na familia kwenye bei. Kina mama wanaotaka kusaidia wapike, wakae na wafiwa, wawachukue watoto. Kukaa na mama yangu kwenye simu usiku kucha kulikuwa msaada mkubwa kuliko glavu zote. Acheni kupima mapenzi ya mtu kwa marehemu kwa jinsi anavyopiga magoti kusugua.

Dada, Jumamosi ikifika na wakaja, wapokee, wape chai, gereji iwe imefungwa na ufunguo uwe mfukoni mwako. Kesho asubuhi piga simu mbili, ya bima kwanza na ya mfuko wa fidia baadaye, na kila utakayeongea naye mwandike jina na saa. Makisio ya kampuni yakifika kabla hujasaini, nitumie niyasome.